Ndege Waliotupatia Siku ya Kupanda Wimbi

Enzi zetu, sisi tuliokulia upande wa Nyaramba kabla ya kila kilima kuvishwa mikaratusi, hakuna mtu aliyetazama kalenda ili apande wimbi, ile nafaka nyekundu ya uji. Kalenda tulikuwa nayo, ya duka la mbolea, imening'inia kwa msumari sebuleni, lakini kazi yake ilikuwa kuficha ufa ukutani. Siku ya kupanda tuliambiwa na ndege. Ninyi mliozaliwa miaka ile mnajua kwamba sitii chumvi.

Nyuma ya jiko la mama yangu palikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe la kusagia, na nyanya mzaa baba alilikuta kwa mama mkwe wake siku alipoolewa. Alilipigia magoti miaka yote ya ujana wake, akisaga wimbi na mtama, hadi likabonyea katikati kiasi cha kiganja kuzama. Mashine ya dizeli ilipofika sokoni, wanawake wa kijiji waliacha kusaga kwa mikono, na mawe mengi yakaishia kwenye misingi ya nyumba. Mama alikataa. Alilisukuma la kwetu hadi chini ya migomba, akalijaza maji, akasema jiwe limewahudumia watu vya kutosha, sasa liwahudumie ndege.

Mama, kwa Kigusii, huitwa baba, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa karibu kulia kwa sababu hiyo, maana insha zetu zilijaa akina baba wanaonyonyesha. Basi hapa nitamwita Mama, tusije tukasumbuana.

Kujaza jiwe ilikuwa kazi ya watoto. Asubuhi tulishuka chemchemini, mimi na mdogo wangu Onchiri, kila mmoja na kidebe chake kichwani na pete ya majani ya mgomba chini ya kidebe, na kabla ya tone lolote kuingia mtungini, jiwe lilipata lake. Ijumaa ilikuwa siku ya mbio. Sisi ni Wasabato, na jua likishazama Ijumaa hakuna kuteka maji mpaka Jumamosi jioni. Mama alisimama mlangoni akilitazama jua na kutuhimiza: "Jazeni lifurike! Ndege hawajui kama kesho ni Sabato." Tukarudi chemchemini mara ya pili, mara nyingine ya tatu, miguu ikiteleza kwenye udongo mwekundu, ili viumbe wasiosali wapate kuoga wakati sisi tumekaa kanisani na viatu vinatubana.

Na walioga kwelikweli! Tulikuwa na majina yetu kwao. Yule mweusi mwenye shati jeupe, anayetembea uani akitikisa mkia, tulimwita Pasta. Mwenye kichwa cheusi kilichochongoka, anayepiga kelele kabla ya wote, alikuwa Mwalimu Mkuu. Kuzumburu wenye mikia mirefu walikuja kundi zima, wakanywa na kusukumana kama watu wa harambee waliosikia kuna nyama, kisha wakaenda kututobolea mapapai. Chozi, kale kadogo kanakong'aa, hakakukubali kuoga na wengine. Kalisubiri umande kwenye jani la mgomba, kakajisugua hapo peke yake. Hao walikuwa wenyeji. Tuliwajua tabia zao kama tulivyowajua majirani, na tuliwasengenya vilevile.

Wageni walikuwa jambo lingine. Tuliwaona mmojammoja kuanzia Oktoba, wakitembea nyuma ya ng'ombe bondeni, wadogo, wembamba, wakitikisa mkia kama Pasta lakini wenye kifua cha manjano. Mama alituambia wanatoka kwa Wazungu, ndiyo maana wanapenda kuoga. Miezi yote ya kiangazi hawakuja uani. Halafu, Februari ikielekea ukingoni au Machi ikianza, asubuhi moja walijaa jiweni. Walikuwa wamebadilika. Manjano yao yalikuwa yameiva, unaweza kudhani kila mmoja amepakwa rangi usiku. Walioga wote pamoja, maji yakaruka hadi ukutani, wakaitana kwa sauti nyembamba, na baada ya siku mbili tatu hivi, hawapo. Wameshika njia ya kwao.

Siku wageni walipooga, Mama alipanda wimbi. Hakungoja keshoye. Alifunga kitambaa kichwani, akapanda kwenye kigoda, akakitoa kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko, cheusi tii kwa masizi. Mbegu ile haikununuliwa dukani. Nyanya alikuja nayo siku alipoolewa, na kila mavuno Mama alichagua masuke mazuri, akayapura peke yake, akajaza kibuyu tena. Shambani alitupa mbegu kwa mkono wa kulia, akitembea kinyumenyume, nasi tulimfuata na matawi tukifunika. Kabla ya juma kuisha, mvua ilishuka. Sikumbuki mwaka ambao haikushuka. Labda ulikuwepo, na utoto umeufuta, lakini sikumbuki.

Uji wa wimbi lile! Mwekundu, mzito, wenye uchachu kidogo, tuliubeba shuleni ndani ya chupa ya plastiki iliyozibwa kwa kigunzi, na saa nne ukifungua inalia pwa! na darasa zima linageuka. Wimbi lile ndilo lililopikwa ugali wa wageni wa heshima, akalishwa mzazi aliyejifungua, likapelekwa matangani. Watoto wa siku hizi wanakunywa kitu cha rangi ya waridi kutoka kwenye karatasi na wanaita hicho maziwa.

Mara moja tu niliona Mama akikasirika kweli. Onchiri alikuwa na manati, na ingawa tulikatazwa kabisa kupiga ndege jiweni, alimpiga mmoja wa wageni. Sidhani kama alitegemea kumpata. Ndege alianguka kifua juu, na yale manjano yakaonekana zaidi kuliko alipokuwa hai. Mama alimwokota, akamweka kwenye kiganja cha Onchiri, akamfunga vidole. Kisha akasema, "Ametoka mahali ambapo hata redio yetu haipashiki, amepita jangwa na bahari, amekuja kufia kwa Onchiri." Hakumchapa. Onchiri alilia mpaka tukamwonea huruma, na tangu siku hiyo akawa wa kwanza kuamka kujaza jiwe. Leo ana mvi na bado hawezi kuchinja kuku. Inabidi jirani aitwe.

Nikaolewa Marani, miaka ikaenda. Nikirudi nyumbani kusalimia, nilikuta kitu kimoja kimepungua kila mara, na kwa sababu kilikuwa kimoja sikulia. Shamba liligawanywa kati ya Onchiri na baba zetu wadogo na watoto wao, likawa vipande vya kuruka kwa hatua. Bondeni tulikolisha ng'ombe pakapandwa mikaratusi, kwa kuwa inakua haraka na kuni zake zina soko. Ile miti inakunywa. Chemchemi ilipungua ikawa tope, tope likawa ufa. Mahindi yakaanza kunyunyiziwa dawa ya viwavi, na Mwalimu Mkuu akanyamaza. Kuzumburu waliacha mapapai yaivie mtini. Nilifurahi kupata papai zima, Mungu anisamehe, sikuuliza kwa nini.

Onchiri alileta tangi kubwa jeusi la plastiki lenye mfuniko, na kila Ijumaa aliendelea kujaza jiwe kwa kikombe. Pasta peke yake ndiye aliyekuja. Naye siku nyingine hakuja.

Binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi Nairobi, nilimsimulia haya Desemba moja. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia, "Mathe, hao ndege si wako tu kwa simu? Ngoja nikuonyeshe." Akanionyesha. Kweli walikuwemo, wa manjano, wanaoga, na muziki wa gitaa umewekwa juu yao. Ukimuuliza kijana wa leo mvua itanyesha lini, anatoa simu mfukoni, na simu inamwambia kuna jua, naye anakuambia kuna jua huku ameloa chapachapa. Tulicheka pamoja. Ni yeye aliyeacha kucheka kwanza, aliponitazama usoni.

Mama alipoteza macho polepole, kwa presha ya macho. Mwanzo alisema kuna ukungu, kisha akasema ni jioni, kisha akaacha kusema. Akaomba kiti chake kiwekwe karibu na jiwe. Alikaa hapo tangu asubuhi, mikono mapajani, akisikiliza. Masikio yake yalikuwa makali ajabu. Aliwajua watu kwa nyayo zao tangu wakiwa barabarani, na alimjua Pasta kwa kucha zake sementini. Wanakijiji waliomwonea huruma walishangaa akiwataja majina kabla hawajabisha. "Macho ni yenu," aliwaambia. "Mimi nimeachiwa haya, na yananitosha."

Lakini kuanzia miaka hiyo wageni hawakuja jiweni. Mwaka wa kwanza Mama alisubiri Machi yote, na Aprili, akasema hakuna kupanda. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu Onchiri alimsihi. "Omong'ina," alisema, maana ndivyo tunavyomwita mzee wa kike kwa heshima, "mbegu itafia kwenye kibuyu. Tupande tu, mvua siku hizi inakuja ikipenda." Mama akakataa. Alisema nyanya hakumwachia mbegu ili aibahatishe. Kibuyu kikabaki juu ya moshi, na sote tulijua wimbi halikai hai milele. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na mbegu ile. Wote walikuwa wamehamia kwenye majani chai na migomba, na wimbi wakinunua sokoni, limeletwa na lori kutoka mbali.

Mwaka huu, Februari, Onchiri alinipigia simu akasema Mama hali chakula. Nikaja. Nilimkuta amekonda, yuko kwenye kiti chake. Swali lake la kwanza halikuwa habari za watoto.

"Kerubo, umepita chini bondeni. Umewaona?"

"Bado, Mama."

Aliniuliza kila asubuhi. Bado, Mama. Bado. Machi ikaingia, jua likiwaka, majani ya migomba yakajikunja kandokando. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Asubuhi moja alisema, bila kunielekea, "Nitakufa na mbegu ya mama mkwe imeoza mikononi mwangu. Nitamwambia nini?"

Sikuwa nimepanga. Ningependa kusema nilifikiri sana, lakini nilikuwa nimeinama namwagia jiwe maji, nikaona uso wake, na mdomo ukasema, "Mama, wamekuja."

Akanyanyua kichwa. "Wangapi?"

"Wengi. Wanakuja bado."

"Wanaoga?"

Nikatia vidole majini. Nikayarusha, kwanza kidogo, kisha kwa vidole vyote kumi, mpaka matone yakamfikia miguuni. Mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nimechuchumaa kwenye jiwe la nyanya nikijifanya ndege.

Mama akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile kwa miaka. Akainamisha sikio, akafumba macho yasiyoona, akasema, "Wasikie. Wasikie wanavyoitana." Uani palikuwa kimya. Hapakuwa na sauti yoyote ila ya maji kutoka mkononi mwangu.

Nilipoinua macho Onchiri alikuwa kwenye kona ya jiko na kikapu cha majani chai mgongoni. Aliona yote.

Mama alikula siku ile, bakuli zima. Kisha akaagiza kibuyu kishushwe. Desturi ni kubakiza konzi mbili tatu za mbegu, endapo mwaka utaharibika, na Onchiri alianza kuzitenga. Mama akazisikia zikidondoka kwenye sahani.

"Unafanya nini?"

"Nabakiza kidogo, Omong'ina."

"Yaya," akasema, yaani hapana. "Miaka mitatu imekaa, haitavuka wa nne. Na mwaka huu nimewasikia kwa masikio yangu. Pandeni yote."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na nafasi, mlango ulikuwa wazi, tulikuwa watatu tu. Nilimtazama Onchiri, naye akanitazama, akasubiri. Nikafikiri labda mvua itakuja tu. Kwani mvua inawajua ndege? Nikafikiri mbegu inakufa hata hivyo. Nikafikiri amekula leo. Onchiri alizirudisha zile konzi kwenye kibuyu.

Tulipanda, yeye akitembea kinyumenyume kama Mama alivyofanya, mimi nikifuata na tawi, na vumbi likitufuata sote. Mama alikaa ukingoni mwa shamba, leso mabegani, akitusikiliza tukipita.

Siku ya tano kulinyesha manyunyu, ya kulowesha udongo juu tu. Mbegu, zile zilizokuwa hai, zikadanganyika zikaota. Nyingi kuliko tulivyotazamia! Shamba lilipata kijani chembamba, kama ndevu za kijana, na Mama aliomba kupelekwa akaipitisha mikono juu yake. Halafu jua likarudi. Majuma matatu halikufunikwa hata na kiwingu. Tulibeba maji ya tangi kwa vikombe, mimi na Onchiri, hadi tangi likalia tupu. Kijani kikawa njano, njano ikawa kahawia, na zile mbegu ambazo hazikuota njiwa walizichambua zote.

Hatukumwambia. Alijua mwenyewe. Asubuhi moja alishuka kwenye kiti, akatambaa hadi shambani kwa magoti, nikamkuta amekaa katikati, anapapasa. Vijiti vilikatika mkononi mwake. Alikaa hapo muda mrefu, kisha akamwita Onchiri.

"Siku ile wageni walipooga, wewe uliwaona?"

Onchiri hakunitazama. "Nilikuwa kwenye chai, Omong'ina."

"Basi ni Kerubo tu. Na Kerubo amekaa Marani miaka mingi, huenda aliona ndege wengine akadhani ni wao. Si kosa lake." Alijipangusa mikono kwenye gauni. "Ila mimi niliwasikia. Maji nilisikia, na sauti zao nilizisikia, zile zile. Ndege hawajawahi kutudanganya. Basi ni haya masikio. Nayo yamekwenda."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua, kama wasemavyo wafanyabiashara wa kule Kisii mjini. Nikamwambia, "Twende ndani, Mama, jua kali."

Tangu siku ile hakai tena nje. Wakipita watu barabarani, yeye hawataji tena kwa majina. Mtu akibisha, ananiuliza ni nani huyo, hata akiwa Onchiri, ambaye amesikia nyayo zake tangu zilipoanza kugusa ardhi. Akisikia jambo, anasubiri mtu mwingine aseme kwanza. Nikimwambia ukweli atarudishiwa masikio yake, na papo hapo atajua kwamba mbegu ya mama mkwe wake ilimalizwa na uwongo wa binti yake. Kila siku najiambia kesho. Najua sababu yangu ya kweli, nayo si huruma. Naogopa.

Enzi zetu tulikuwa maskini, tulikwenda shule miguu mitupu, tulikula wali Krismasi tu. Lakini mama alisimama uani, akawatazama ndege, akamwambia mtoto leo tunapanda, na mtoto hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Ndege walisema kweli, mama akasema kweli, mvua ikanyesha. Siku hizi ndege hawaji, mvua inakuja ikipenda, na mtoto mwenyewe ni mimi, mwongo mwenye mvi. Vijana nimewacheka sana humu, lakini simu yao, ikikosea, haijui kama imekosea.

Mvua ilikuja mwishoni mwa Aprili. Ilianza mchana, tukiwa tumekaa ndani mimi na Mama, na ilipopiga mabati ilikuwa na mawe ndani yake, kelele ya kumfanya mtu apaze sauti ili asikike. Mama aliinua uso kuelekea darini.

"Kerubo," akauliza kwa woga, "hiyo ni mvua kweli, au ni masikio yangu?"

"Ni mvua, Mama."

Akaomba nimpeleke mlangoni. Akatoa mkono nje ya upenu, akauacha hapo mpaka ukalowa hadi kwenye kiwiko, na mawe madogo yakimgonga kiganjani. Kisha akaurudisha ndani.

"Basi siku ya kupanda ingekuwa leo," akasema.

Nikamfuta mkono kwa leso yangu, nikamrudisha kwenye kiti, na sikumwambia.